Nenda Dirisha la Tatu

Mwaka jana nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha nikiwa nimelipia viti viwili peke yangu. Si kwa kupenda makuu. Usiku wa kuamkia safari niliingia kwenye tovuti ya kampuni ya mabasi, nikachagua kiti namba 17, nikajaza jina na namba ya simu, nikabonyeza "Lipa". Ukurasa ukaniambia nisubiri ujumbe kwenye simu. Ujumbe ukaja, nikaweka namba ya siri, pesa ikakatwa. Ukurasa ukabaki vilevile, umeganda. Nikafanya ambalo mtu yeyote angefanya: nikaupakia upya ili nione tiketi yangu. Kivinjari kikaniuliza swali kuhusu kutuma tena taarifa za fomu, swali ambalo sijawahi kumwona mtu akilisoma mpaka mwisho, nami nikakubali. Simu ikalia tena ikitaka namba ya siri. Nikadhani ile ya kwanza haikupita. Asubuhi kondakta akanionyesha orodha yake: kiti 17 na kiti 18, jina moja. Mfumo ulipokuta 17 kimeshachukuliwa (na mimi mwenyewe!) ukanipa cha jirani bila hata kuuliza.

Aibu yangu ni kwamba kazi inayonilisha ni hiyohiyo ya kutengeneza programu za aina hiyo. Basi lilikuwa halijafika Kibaha nami nimeshajua kilichotokea. Mtandao haukuwa na kosa, wala simu. Kuna mstari mmoja haukuandikwa kwenye programu ya seva, mstari wa kunielekeza kwingine baada ya fomu yangu kupokelewa. Mstari huo na ndugu zake, yaani namna seva inavyosema "siyo hapa, nenda pale" na namna inavyosema "nimeshindwa", ndio ninaotaka kuwaeleza leo.

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo hata waandika programu wazoefu huwa nayo. Seva haiwezi kumshika mtu mkono ikampeleka ukurasa mwingine. Inachoweza ni kujibu tu. Kivinjari kinauliza, seva inajibu, basi. Umewahi kusimama kwenye foleni ya ofisi ukiwa na fomu mkononi? Karani wa dirisha la kwanza anaitazama, anaandika kwenye kipande cha karatasi "dirisha la 3", anakupa. Hajakupeleka. Unakwenda mwenyewe kwa miguu yako, na ukifika huko unaanza upya: shikamoo, shida yangu ni hii. Kuelekezwa kwingine kwenye wavuti ni karatasi hiyohiyo, nayo ukiifunua imeandikwa hivi:

HTTP/1.1 302 Found
Location: /tiketi/8841

Mistari miwili tu. Wa kwanza una namba, wa pili una anwani. Kivinjari kikiona namba hiyo pamoja na anwani, kinaanza safari ya pili papo hapo bila kukuuliza, na wewe uliyekaa mbele ya kioo unaona kama ukurasa umebadilika wenyewe.

Yupo karani wa aina nyingine. Huyu anaichukua fomu yako, anaingia nayo ndani, anazungumza na mwenzake wa dirisha la tatu, kisha anakuletea jibu palepale ulipo. Java na ASP.NET ya Microsoft zina amri za kufanya hivyo: ombi linahamishwa ndani kwa ndani, kivinjari hakijui kitu, anwani iliyo juu haibadiliki. Ni njia ya haraka kwa sababu safari ni moja. Lakini kwa kuwa kivinjari kinaamini bado kiko dirisha la kwanza, ukipakia upya ukurasa kinaikabidhi fomu ileile kwa mara ya pili. Kiti namba 18 kilipatikana kwa njia hiyo.

Maombi ya kivinjari kwa seva yako ya namna mbili kubwa. GET ni ombi la kutazama: nionyeshe ukurasa, nionyeshe picha. POST ni ombi la kutenda: pokea fomu hii, kata pesa, sajili jina. Kutazama mara 100 hakumdhuru mtu. Kutenda mara mbili kunauma. Kwa hiyo waandika programu walishakubaliana zamani kwamba fomu ya POST ikipokelewa na kazi ikakamilika, seva isijibu kwa ukurasa. Ijibu kwa karatasi ya "nenda pale", na huko pale kivinjari kiende kwa GET kutazama matokeo. Ukipakia upya, unatazama tiketi yako tena. Hununui nyingine.

Sitaki mtu adhani dawa hiyo inaponya kila kitu. Haimzuii mwenye haraka anayebonyeza "Lipa" mara tatu kabla jibu halijafika. Kwake yeye unahitaji namba ya matumizi ya mara moja, inayofichwa ndani ya fomu: seva ikiiona mara ya pili, inajua fomu hii imeshashughulikiwa na inarudisha jibu la mwanzo. Kwenye mambo ya pesa, ukiweka moja ukaacha jingine umefanya nusu ya kazi.

Turudi kwenye namba. Toleo la kwanza kabisa la itifaki ya HTTP, ambalo Tim Berners-Lee alilieleza mwaka 1991 akiwa CERN mjini Geneva, halikuwa nazo hata moja. Hitilafu ikitokea, seva ilirudisha ukurasa wenye maneno ya kuieleza, na programu iliyoupokea haikuwa na njia ya kuutofautisha na ukurasa halali. Binadamu angesoma akaelewa. Mashine ingeuchukua ukurasa wa kosa ikauhifadhi kama habari ya kweli. HTTP/1.0 ilipochapishwa Mei 1996, namba zilikuwa zimeshapata makundi tunayoyatumia mpaka leo: zinazoanza na 2 ni za kufaulu, na 3 ni za kuelekezwa, na 4 zinamwambia anayeomba kwamba kosa liko kwenye ombi lake, na 5 ni seva ikikiri kuwa yenyewe imeshindwa. Maneno ni ya mtu, namba ni ya mashine, na jibu zuri linazungumza na wote wawili. Matatizo karibu yote nitakayoyataja yanatokana na kumsahau mmoja wao.

Utasikia vijiweni kwamba 404, ile ya "ukurasa haupo", ilikuwa namba ya chumba fulani pale CERN kilichokuwa na seva ya kwanza. Robert Cailliau, aliyekuwa bega kwa bega na Berners-Lee, alishaikanusha hadithi hiyo. Namba 404 ni iliyofuata 403, basi.

Kundi la 3 lina mkasa wake. Kwenye HTTP/1.0, 302 ilimaanisha "imehamia kwa muda, rudia ombi lako kule". Kama ombi lilikuwa POST, lirudiwe kwa POST. Vivinjari vya wakati ule vikafanya kinyume: vilipopokea 302 baada ya POST, vilikwenda kule kwa GET. Ilikuwa kosa, na waraka wenyewe wa HTTP/1.0 ulilitaja hivyo. Lakini watengeneza tovuti wakalipenda, kwa sababu ndilo hasa walilolihitaji ili watu wasinunue mara mbili. Kosa likawa desturi, na walioandika itifaki ikabidi wafuate watu. Toleo la 1997 likaleta 303, yenye maana ya "kazi imepokelewa, nenda kule ukatazame". La 1999 likaongeza 307 kwa anayetaka kwa dhati POST ibaki POST. Baadaye, kati ya 2014 na 2015, ikaja 308, ambayo ni kama 307 ila ya kudumu. Mimi humwambia kila kijana anayeanza: baada ya fomu, tumia 303. Ukitumia 302 itafanya kazi, kwa sababu vivinjari vimeshazoea, lakini unategemea mazoea badala ya kanuni.

Na 301? Hiyo ni ya kuhama kabisa, na ndiyo inayotaka mkono wenye subira kuliko zote. Kivinjari kikiambiwa kwamba anwani imehama milele, kinaamini, na kinaweza kuhifadhi habari hiyo bila kuiuliza seva tena. Niliwahi kuhamisha tovuti ya mteja kwa wiki moja tu ya ukarabati. Kwa uvivu nikaweka 301. Wiki ikaisha, nikaondoa mstari, na bado simu zikaendelea kuingia: "Mbona naletewa ukurasa wa matengenezo?" Seva ilikuwa sawa kabisa. Vivinjari vya wateja ndivyo vilivyokuwa havigongi tena mlango wa zamani. Tangu siku hiyo, nikiwa na shaka hata chembe, naanza na 302 au 307, na 301 naiweka mwezi mmoja baadaye.

Hata hivyo, anayehama kweli asiogope kuitumia. Mwaka 1998 Berners-Lee aliandika makala fupi akisema kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Tovuti nyingi za taasisi zetu zinafanya kinyume: kila baada ya miaka michache huja mkandarasi mpya na mfumo mpya, na viungo vyote vya zamani, vilivyotajwa kwenye magazeti, kwenye tasnifu za wanafunzi na kwenye majibu ya barua, vinakufa siku moja. Wengine wanadhani wametibu kwa kuelekeza kila anwani ya zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Mtu alitaka waraka wa ada wa mwaka 2016, anapewa picha kubwa ya mkurugenzi akikata utepe. Google yenyewe huutazama mtindo huo kama 404 iliyojificha. Waraka ukiwa umehama, elekeza kwa waraka wenyewe. Ukiwa haupo tena, sema haupo. Namba ya kusema hivyo kwa uhakika ni 410.

Sasa niwaonyeshe kosa dogo lenye madhara makubwa. Tazama mistari hii ya PHP, kutoka kwenye mfumo wa kufikirika wa shule:

if (!$ameingia) {
    header("Location: /ingia.php");
}
futa_mwanafunzi($_GET["namba"]);

Mwandishi alikusudia kwamba asiyejitambulisha apelekwe ukurasa wa kuingia. Akijaribu kwenye kivinjari chake, ndicho anachokiona: anapelekwa. Anaridhika, anakwenda kunywa chai. Lakini kumbuka yule karani. Kuandika karatasi ya "nenda dirisha la 3" hakumaanishi ameacha kalamu. Mstari ule wa pili unaandika anwani kwenye jibu, na programu inaendelea mstari unaofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanafunzi anafutwa na mtu ambaye hakujitambulisha, na kioo kinaonyesha ukurasa wa kuingia, umetulia kabisa. Kinachokosekana ni neno moja, exit, mara tu baada ya kuelekeza.

Mwenye jicho kali ameshaona kosa la pili: mstari wa mwisho unafuta kwa ombi la GET, lile la kutazama tu. Roboti ya injini ya utafutaji inayofuata viungo ingeweza kupita hapo na kuondoka na darasa zima.

Udhaifu huu si wa PHP peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara walichunguza zaidi ya programu 18,000 za wazi zilizoandikwa kwa Ruby on Rails, ambako amri ya kuelekeza nayo haisimamishi kazi, wakakuta mamia ya sehemu ambazo programu iliendelea kutenda baada ya kuelekeza kwa njia inayoweza kudhuru. Java nayo ni hivyohivyo: ukishaelekeza, andika return mwenyewe. ASP.NET ya zamani ilichagua njia tofauti kabisa. Amri yake ya kuelekeza inasimamisha kazi kwa nguvu, kwa kurusha hitilafu ya makusudi inayoua uzi wa kazi. Ni salama zaidi, ila ina kero yake: mwandishi akizungushia mtego wa kunasa kila hitilafu, mtego unanasa hata ile ya makusudi, na daftari la seva linajaa ripoti za ajali ambazo si ajali. Nimewahi kukuta kampuni iliyoajiri mtu kuchunguza ajali hizo miezi miwili.

Kwa kuwa tumegusa PHP, kuna ujumbe mmoja ambao kila aliyeanza nayo ameuona: unaolalamika kwamba vichwa vya jibu vimeshatumwa. Sababu yake ni rahisi. Jibu la HTTP lina mpangilio kama barua: bahasha kwanza, yaani namba na anwani, halafu karatasi ya ndani. Programu ikishaanza kutoa maandishi ya ukurasa, bahasha imefungwa na kupelekwa posta. Ukisema baadaye "ongeza anwani juu ya bahasha", umechelewa. Mara nyingi mkosaji ni nafasi moja tupu kabla ya mstari wa kwanza wa faili, au alama tatu zisizoonekana ambazo baadhi ya vihariri huweka mwanzoni mwa faili za UTF-8. Watu wamekesha kwa ajili ya nafasi tupu moja. Tiba si kuwinda nafasi hizo milele. Pitisha maamuzi yote mwanzo (nani ameingia, fomu ni sahihi, aende wapi), ndipo uanze kuchora ukurasa.

Tugeukie kushindwa. Programu ikianguka katikati ya kazi, huwa inajua mengi: faili gani, mstari wa ngapi, hifadhidata ipi, pengine hata nywila iliyotumika kuifungua. Mifumo mingi ya kisasa ina hali ya majaribio ambayo inamwaga yote hayo kwenye kioo ili mwandishi aone tatizo haraka. Ni msaada mkubwa ukiwa kwenye kompyuta yako. Ikiachwa wazi kwenye seva ya umma, umemwachia mpita njia ufunguo mlangoni. Septemba 2015 kampuni ya Marekani ya Patreon ilivamiwa, na takriban gigabaiti 15 za data zake zikamwagwa mtandaoni. Yenyewe ilieleza kwamba mvamizi alipitia toleo la majaribio la tovuti lililokuwa likionekana na umma. Wataalamu wa usalama wakabainisha kwamba toleo hilo lilikuwa na zana ya Werkzeug, ambayo ukurasa wake wa hitilafu haukuonyeshi msimbo tu; unakupa na mahali pa kuandika wako na kuuendesha palepale.

Kwa hiyo mwenye seva anamwonyesha mgeni nini? Maneno machache ya Kiswahili kinachoeleweka: tumeshindwa kukamilisha ombi lako, pesa yako haijakatwa (kama ni kweli haijakatwa), jaribu tena baada ya muda, na ukitupigia simu tutajie namba hii. Namba hiyo ya kumbukumbu ndiyo inayounganisha mgeni na daftari la seva, ambako maelezo yote marefu yameandikwa kwa ajili ya fundi. Mgeni anataja herufi sita, fundi anafungua daftari, anaona kila kitu. Nashangaa jinsi tovuti chache za huku kwetu zinavyofanya jambo hili, wakati halichukui hata nusu siku.

Na namba ya mashine iwe ya kweli. Ukurasa wenye maneno "samahani, hitilafu imetokea" uliotumwa na namba 200 ni uongo, na uongo huu una gharama. Mfumo wa malipo unapoitaarifu seva ya muuzaji kwamba mteja amelipa, mara nyingi hutazama namba tu. Ukipokea 200 unajua habari imefika na haurudii. Ikipokea 500, mifumo mingi hujaribu tena. Muuzaji ambaye seva yake ilianguka ikajibu 200 yenye pole nyingi amejifungia mlango mwenyewe: pesa imelipwa, oda haipo, na hakuna atakayemkumbusha.

ASP.NET ya zamani iliwaingiza wengi kwenye mtego huu bila wao kujua. Kwa kawaida yake, ukiiwekea ukurasa maalumu wa makosa, hitilafu ikitokea inakielekeza kivinjari kwenye ukurasa huo kwa 302, na ukurasa wenyewe, kwa kuwa upo na umefunguka vizuri, unajibu 200. Ukurasa usiokuwepo unageuka kuwa "umehama kwa muda" na kuishia na "sawa kabisa". Baadaye Microsoft iliongeza mpangilio wa kuuandika ukurasa wa makosa palepale, bila kuelekeza popote, lakini ule wa kuelekeza ukabaki ndio wa kawaida. Maoni yangu hayana mzunguko: kosa halielekezwi. Linajibiwa pale lilipotokea, kwenye anwani ileile, na namba yake.

Mpangilio huohuo ulipata umaarufu wa ajabu mwaka 2010. Mwezi wa Septemba, watafiti Juliano Rizzo na Thai Duong walionyesha kwenye mkutano mmoja jijini Buenos Aires namna ya kufungua data iliyofungwa kwa siri na ASP.NET bila kuwa na ufunguo. Hawakuvunja hesabu za usimbaji. Waliitazama seva inavyojibu makosa. Walituma data iliyochezewa kidogo, na seva ikajibu kwa namna mbili tofauti: namna moja pale data ilipofunguka lakini ikakosa maana, nyingine pale ambapo hata mwisho wake haukukaa kama inavyotakiwa. Tofauti hiyo tu iliwatosha. Kwa kila baiti unahitaji majaribio yasiyozidi 256, na kompyuta haichoki. Ni kama kumuuliza mlinzi maswali mengi ambayo hajibu hata moja, huku ukimtazama usoni. Kimsingi wazo lilikuwa limeshaelezwa na Serge Vaudenay mwaka 2002. Wao wakaleta seva halisi.

Tarehe 17 Septemba Microsoft ikatoa tahadhari, na dawa ya muda ilikuwa ya kutatanisha kwa mtu aliyefundishwa kama mimi: weka ukurasa mmoja wa makosa kwa hitilafu zote, 404 na 500 zisitofautike, na ndani ya ukurasa huo weka ucheleweshaji wa nasibu ili hata muda wa kujibu usitoe siri. Yaani seva iwe na uso mmoja kwa kila jambo. Marekebisho kamili yalitolewa tarehe 28 Septemba, nje ya ratiba ya kawaida ya kila mwezi. Baada ya hapo data iliyofungwa ikawa inatiwa sahihi pia, na sahihi inakaguliwa kabla ya kitu kingine chochote. Je, tukio hili linapinga nililosema kuhusu namba za kweli? Hapana. Kuzifanya namba zifanane kulikuwa bandeji ya siku 11. Kilichoponya ni kukagua sahihi. Ila tangu wakati ule, kwenye ukurasa wa kuingia, nami siandiki tena "jina hili halipo" upande mmoja na "nywila si sahihi" upande mwingine. Naandika kwamba jina au nywila si sahihi, basi.

Mambo mawili ya kuelekeza yamebaki, niyapitie haraka. Mifumo mingi hukumbuka ulikotoka kabla ya kuingia kwa kuiweka anwani hiyo kwenye kiungo, kisha ukishaingia inakurudisha. Programu isipokagua anwani hiyo, tapeli anatuma kiungo kinachoanza na jina halisi la benki yako na kuishia kukupeleka kwenye ukurasa wake unaofanana na wa benki. OWASP, jumuiya inayofuatilia usalama wa programu za wavuti, iliuweka udhaifu huu kwenye orodha yake ya hatari 10 kubwa mwaka 2010 na tena 2013. Tiba ni kuruhusu anwani za ndani ya tovuti yako tu, na kukumbuka kwamba anwani inayoanza na mikwaju miwili inatoka nje ingawa inaonekana ya ndani.

Jingine ni mzunguko. Dirisha la kwanza linasema nenda la tatu, la tatu linasema rudi la kwanza. Chrome na Firefox hukata tamaa baada ya safari 20 hivi na kukuonyesha ujumbe wa kulalamika. Kisa cha kawaida ni pale seva iliyo nyuma ya seva nyingine inapodhani kila mgeni amekuja bila usalama wa HTTPS, ikimwelekeza kwenye HTTPS, ambako tayari yupo. Anarudi, anaelekezwa tena. Kabla ya kufuta vidakuzi vya watu, soma kwanza kile seva ya mbele inachoiambia ya nyuma.

Siku za matokeo ya mitihani, au siku tiketi za mechi kubwa zinapofunguliwa, seva huzidiwa. Namba ya siku hizo ni 503, pamoja na kichwa kiitwacho Retry-After kinachosema rudi baada ya sekunde ngapi. Usimpeleke mtu kwenye ukurasa mwingine wa pole. Akipakia upya anaendelea kuipakia pole hiyohiyo hata baada ya seva kupata nafuu.

Kampuni ya mabasi ilinirudishia nauli ya kiti cha pili baada ya simu tatu. Niliwaandikia pia mstari uliokosekana. Hawajajibu, na sijui kama waliuongeza.

Kwa msomaji asiye fundi: kivinjari kikikuuliza kama utume fomu tena, kataa, kisha angalia ujumbe wa malipo kwenye simu yako kabla ya kubonyeza chochote. Kwa msomaji fundi: fungua leo tovuti uliyoitengeneza, jaza fomu, itume, halafu pakia upya ukurasa unaofuata. Ukiulizwa swali lile, mstari wako bado haujaandikwa.